CHAKULA CHA NYONGEZA KWA NG'OMBE WA NYAMA WAKATI WA KIANGAZI

Mafundisho kwa wafugaji wa Usukuma na wa nchi nyingine zenye kiangazi kirefu

1. Neno la kwanza

Kila mwenye ng'ombe katika nchi za Mwanza na Shinyanga ajua ya kuwa mwaka wake una nusu mbili. Tangu mvua zianzapo, yapata mwezi wa Novemba, mpaka zikomapo katika Aprili au Mei, ng'ombe hula, hushiba, na ngozi yake hung'aa. Kisha huja miezi ya Juni, Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Majani hukauka, na mnyama yule yule aliyekuwa na nundu iliyosimama huonekana mbavu zake zikihesabika. Sehemu kubwa ya uzito alioupata wakati wa mvua huipoteza, na mvua za pili zikija huanza tena karibu na pale alipoanzia mwaka uliopita. Ndiyo sababu dume wa kienyeji huchukua miaka mingi, aghalabu mitano au zaidi, kabla hajafaa kwa mchinjaji. Na ndiyo sababu majike wengi huzaa mwaka mmoja, wakapumzika wa pili.

Wako wasemao kwamba hii ni desturi ya nchi, na mtu hawezi kuibadili. Maneno hayo si kweli. Kukonda kwa ng'ombe kuna sababu yake, nayo ikijulikana yaweza kupunguzwa kwa vitu vilivyo karibu na nyumbani. Katika waraka huu utaelezwa sababu hiyo, vyakula vifaavyo, kiasi cha kutoa, wanyama wastahilio kupewa kwanza, na hatari za kuepukwa.

2. Kwa nini ng'ombe hukonda ilhali nyasi zipo

Tazama malisho yako mwezi wa Agosti. Huenda nyasi zimesimama mpaka magotini, na ng'ombe wamezungukwa nazo pande zote, walakini wanakonda. Mtu asiyejua atasema kwamba ni ugonjwa. Lakini aghalabu kasoro imo katika nyasi zenyewe.

Nyasi za nchi za joto hukua upesi sana, kisha hutoa mbegu, na mabua yake hugeuka kuwa magumu kama vijiti. Nyasi changa za mwanzo wa mvua huwa na sehemu 10 au zaidi za protini katika kila sehemu 100 za ukavu wake. Protini ndicho kile chakula kijengacho nyama, damu na maziwa. Nyasi zile zile zikiisha kukauka huwa zimebakiwa na sehemu 3 au 4 tu. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa mifugo wa Mpwapwa walikuwa wakipima malisho ya nchi hii, na vipimo vya namna hiyo vimeonyesha mara nyingi jinsi nyasi zinavyopungukiwa kiangazi kinapoendelea.

Sasa fahamu jinsi ng'ombe anavyokula. Yeye ana matumbo manne, na la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Ndani ya tumbo hilo wamo vijidudu wengi wasiohesabika, wasioonekana kwa macho. Ng'ombe peke yake hawezi kuzivunja nyuzi ngumu za nyasi. Vijidudu hao ndio wazivunjao, na katika kazi hiyo humpatia bwana wao nguvu. Kisha wao wenyewe husukumwa mbele, wakasagwa tumboni, wakawa protini ya ng'ombe. Kwa hiyo amlishaye ng'ombe huwalisha kwanza vijidudu hao.

Nao vijidudu hutaka protini ili wazaliane. Nyasi zinapokuwa na protini iliyo chini ya sehemu 7 kwa mia hivi, vijidudu hupungua. Wakipungua, nyasi hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa. Na tumbo lililojaa nyasi zisizovunjwa halina nafasi ya nyasi nyingine. Ng'ombe huacha kula, si kwa kuwa hana njaa, bali kwa kuwa tumbo halijatoka kitu. Ndivyo anavyokonda katikati ya majani.

Kutokana na hayo utaona faida ya protini kidogo. Ukimpa ng'ombe nyongeza yenye protini, vijidudu huongezeka, nyasi huvunjwa upesi, tumbo hutoka, naye hurudi malishoni kula zaidi. Kwa hiyo nyongeza si badala ya nyasi: nyongeza ni ufunguo, na nyasi ndizo ghala. Mwenye ufunguo bila ghala hana kitu. Kama ardhi yako imebaki vumbi tupu, nyongeza kidogo haitaponya ng'ombe. Hapo hapana budi kupunguza kundi au kuwahamishia wanyama mahali penye majani.

3. Dalili za kutazama

Usingoje mpaka mbavu zionekane. Kila asubuhi tazama mavi zizini. Mavi ya ng'ombe apataye protini ya kutosha ni laini, nayo hutandaa chini. Protini ikipungua, mavi huwa magumu, hujipanga kwa tabaka kama sahani zilizowekwa moja juu ya nyingine, na ukiyavunja utaona nyuzi nyingi za nyasi zisizovunjwa. Ukiona hivyo kwa wanyama wengi, ndio wakati wa kuanza nyongeza, ijapokuwa miili yao bado ni mizuri. Ni rahisi zaidi kumzuia ng'ombe asikonde kuliko kumrudishia mwili aliokwisha kuupoteza.

4. Vyakula vyenye protini

Hapa chini imeandikwa takriban ya sehemu za protini katika kila sehemu 100 za chakula kikavu. Hesabu hizi hubadilika kwa namna ya ukamuaji na uvunaji, lakini zatosha kukuongoza.

Mashudu ya karanga: kama 45.
Mashudu ya pamba yaliyoondolewa maganda: kama 40.
Mashudu ya pamba yenye maganda: 20 hadi 25.
Mashudu ya alizeti yenye maganda: 20 hadi 28.
Mbegu za pamba nzima: kama 20.
Majani ya lukina yaliyokaushwa: 20 hadi 25.
Majani ya viazi vitamu: kama 15.
Matunda ya migunga: 12 hadi 15.
Majani ya karanga na ya kunde, yaliyovunwa kabla hayajapukutika: 10 hadi 15.
Pumba za mahindi: kama 10.
Nyasi kavu za kiangazi: 3 au 4.

Usukuma ni nchi ya pamba, na jambo hili ni baraka kwa mfugaji. Pamba huvunwa wakati mvua zikomapo, nayo hupelekwa viwandani kuchambuliwa na mbegu zake kukamuliwa mafuta katika miezi ile ile ambayo nyasi hukauka. Hivyo mashudu hutoka kiwandani wakati ng'ombe wanapoyahitaji. Walakini wengi huyaacha yachukuliwe na wafanya biashara, yakalishe wanyama wa watu wengine.

Ununuapo, angalia usidanganyike. Maganda matupu ya mbegu za pamba hufanana na chakula, na huuzwa kwa bei nafuu, lakini protini yake haizidi sana ile ya nyasi kavu. Yanafaa kujaza tumbo mahali pasipo na majani; hayafai kuwa nyongeza ya protini.

Kuhusu pumba za mahindi, hizo hutia nguvu, lakini peke yake si dawa ya nyasi kavu. Mnyama apewaye pumba nyingi hushiba pumba na kuziacha nyasi. Tena wanga mwingi huharibu kazi ya wale vijidudu wavunjao nyuzi. Changanya pumba kidogo na mashudu ili chakula kipendeze mdomoni, lakini mashudu yawe ndiyo asili ya nyongeza.

Asiye na fedha za mashudu asiseme kwamba hana kitu. Wakati wa kuvuna viazi vitamu, majani yake huachwa shambani yakauke bure. Yakusanye, uyaanike juu ya uchanja, uyageuze mpaka yakauke, kisha uyahifadhi chini ya paa. Fanya vivyo hivyo kwa majani ya karanga, kunde na choroko. Jihadhari yasipukutike, kwa maana protini nyingi imo katika jani, si katika bua.

Matunda ya migunga nayo huanguka wakati wa kiangazi. Watoto waweza kuyaokota na kuyatia katika magunia. Lakini mbegu zake ni ngumu, na zikimezwa nzima nyingi hutoka na mavi kama zilivyoingia. Kwa hiyo yatwangwe au yapondwe kabla ya kulishwa.

5. Kiasi cha kutoa

Hesabu ni rahisi, nayo yafaa uifahamu, ili usitoe kidogo kisichofaa wala kingi kisicho na faida.

Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula nyasi kavu kama kilo 5 kwa siku. Kama nyasi hizo zina protini sehemu 3 kwa mia, hupata gramu 150. Ili chakula hicho kifikie sehemu 7 kwa mia, angehitaji gramu 350. Upungufu, basi, ni gramu 200 kwa siku.

Mashudu yenye protini sehemu 40 kwa mia huleta gramu 200 katika nusu kilo. Mashudu yenye maganda, ambayo protini yake ni sehemu 25 kwa mia, huleta kiasi hicho hicho katika gramu 800. Kwa hiyo kumbuka hivi: nusu kilo ya mashudu bora, au gramu 800 za mashudu yenye maganda, kwa kila ng'ombe mzima kila siku. Chukua kopo, lijaze mashudu, ulipime dukani kwenye mizani mara moja, ulitie alama. Tangu siku hiyo kopo ndilo mizani yako.

Si lazima kulisha kila siku. Mwili wa ng'ombe hurudisha tumboni sehemu ya kile kilichotoka katika protini, kwa njia ya mate na damu, hata siku ambazo hakula nyongeza. Kwa hiyo waweza kugawa mashudu ya juma zima kwa mara tatu. Anayestahili gramu 800 kwa siku atastahili kilo 5.6 kwa juma, yaani karibu kilo 1.9 kila mara. Desturi hii huokoa kazi. Tena chakula kikiwa kingi horini, hata wanyonge hupata sehemu yao. Lakini anza kwa kiasi kidogo, ukiongeza polepole kwa muda wa majuma mawili. Na ruhusa hii ni ya mashudu tu, si ya pumba nyingi wala ya yurea.

Chonga hori ndefu za magogo, ili kila mnyama apate nafasi ya nusu mita au zaidi. Wenye pembe na nguvu watenge na wanyonge, ama sivyo utawanenepesha walionenepa. Maji yawe karibu, kwa maana ng'ombe alaye chakula kikavu hunywa sana, na atembezwaye mbali kwenda kunywa huimaliza njiani faida ya chakula chako. Chumvi yenye madini iwepo mwaka mzima.

Usitazamie kwamba kiasi hiki kitamnenepesha mnyama. Kazi yake ni kumzuia asikonde, au asikonde sana. Atakaye kunenepesha kwa ajili ya soko atahitaji kutoa chakula kingi zaidi, cha protini na cha nguvu, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Na hiyo ni kazi nyingine yenye hesabu yake.

6. Wanyama wastahilio kupewa kwanza

Mashudu ni mali, na mali haitupwi. Si kila ng'ombe atakayekulipa sawasawa.

Wa kwanza ni majike wenye mimba kubwa na wale wanyonyeshao. Jike akondaye sana kabla ya kuzaa hutoa maziwa haba, ndama wake huwa dhaifu, naye mwenyewe hukawia kushika mimba tena. Gunia ulilomnyima jike mwaka huu, utalilipa mwaka ujao kwa ndama asiyezaliwa.

Wa pili ni mitamba na majike waliozaa mara ya kwanza, kwa sababu hao bado wanakua.

Wa tatu ni ndama walioachishwa kunyonya, waliopita umri wa miezi sita. Hao wapewe kwa kadiri ya uzito wao, yapata nusu ya kiasi cha ng'ombe mzima.

Wa nne ni maksai wa jembe. Mvua za kwanza hudai nguvu zao wakati wao ni dhaifu kuliko wakati wote wa mwaka. Na mtu ambaye maksai wake hulala mtaroni hupanda pamba na mahindi yake akiwa amechelewa. Wape mashudu katika majuma sita ya mwisho wa kiangazi.

Wa tano ni wanyama unaokusudia kuwauza kabla ya mvua.

Madume wachanga watakaouzwa baada ya miaka miwili au mitatu waweza kungoja. Mnyama aliyekonda kiasi hukua upesi sana mvua zikija, akafidia sehemu ya uzito aliokosa. Hivyo fedha uliyotumia kwake wakati wa kiangazi hairudi yote. Hao waachie malisho mazuri, na uwape nyongeza tu ikiwa wako karibu kudhoofika kabisa.

Na majike wazee wasiozaa tena wauzwe mwezi wa Juni, wangali na mwili.

7. Hatari

Mashudu na mbegu za pamba zina sumu iitwayo gosipoli. Ng'ombe mzima huistahimili kwa kiasi kilichotajwa juu, lakini ndama mchanga, ambaye tumbo lake kubwa bado halijafanya kazi, aweza kufa kwayo. Nguruwe na kuku pia hudhurika. Fahali wa mbegu wasipewe mashudu ya pamba kwa wingi, kwa maana huenda yakapunguza nguvu yao ya kuzalisha.

Mbegu za pamba zilizotengenezwa kwa kupandwa hutiwa dawa ya kuua wadudu au ukungu. Usimpe mnyama wala mtu mbegu hizo kamwe, hata kama zimeoshwa.

Chakula chenye ukungu, hasa mashudu ya karanga na ya pamba, kisilishwe. Ukungu huo huleta sumu iharibuyo ini, na sumu yenyewe huingia hata katika maziwa wanywayo watoto wako. Weka magunia juu ya vijiti, mbali na ukuta, mahali pasipovuja.

Majani ya lukina yasizidi theluthi moja ya chakula chote. Yakizidi kwa muda mrefu, mnyama hunyonyoka manyoya na kudhoofika.

Yurea, ile mbolea nyeupe, si protini, lakini vijidudu wa tumboni waweza kuitumia kujitengenezea protini. Kwa sababu hiyo hutiwa katika matofali ya kulamba pamoja na molasi na chumvi. Ni rahisi, lakini huua. Ng'ombe mzima asipate zaidi ya gramu 30 kwa siku kwa kila kilo 100 za uzito wake, na afikie kiasi hicho polepole kwa majuma matatu. Isitiwe katika maji ya kunywa. Isipewe mnyama mwenye njaa. Isinyeshewe na mvua horini. Isipewe ndama walio chini ya miezi sita. Mnyama aliyeila kwa wingi hutetemeka, hutoka povu, tumbo hufura, naye huanguka, pengine kabla ya saa moja kupita. Mnyweshe upesi siki lita 2 hadi 4 pamoja na maji baridi mengi, na umwite Bwana Mifugo. Asiyekuwa na mizani wala mtu wa kumwelekeza na atumie mashudu, aiache yurea.

8. Ngitili

Wasukuma tangu zamani wana desturi ya ngitili, yaani kulitenga eneo la malisho wakati wa mvua, lisiliwe mpaka kiangazi kikali. Desturi hiyo ilidhoofika katika sehemu nyingi, kisha ikaanzishwa upya kwa nguvu baada ya mwaka 1986, ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mfugaji mwenye ngitili anayo ghala. Akiongeza mashudu, amepata na ufunguo wake. Nyasi za ngitili ni kavu na haba kwa protini kama nyingine, kwa hiyo mtu asidhani kwamba ngitili peke yake yatosha. Lakini mashudu yaliyolishwa kwa ng'ombe wenye ngitili hulipa kuliko yale yaliyolishwa kwa ng'ombe wazungukao katika ardhi tupu. Linda ngitili yako na moto kwa kufyeka njia pana kuizunguka.

9. Hesabu ya mwenye kundi

Tuseme una ng'ombe 20, na kati yao 8 wamo katika safu zile zilizotajwa kwanza. Kuwalisha hao 8 kwa siku 100, gramu 800 kila siku, kunataka kilo 640 za mashudu yenye maganda, yaani magunia 13 ya kilo 50. Uliza bei ya magunia hayo. Kisha uliza bei ya jike mzee aliyenona mwezi wa Juni, na bei ya jike yule yule mwezi wa Oktoba akiwa mifupa. Linganisha.

Ni vigumu kwa mfugaji kumtoa ng'ombe mzima zizini ili anunue magunia. Macho ya jirani huhesabu pembe, hayahesabu nyama. Lakini kiangazi kikiwa kikali, asiyeuza mmoja kwa hiari aweza kupoteza watatu bila malipo. Basi na ajiulize: nani mwenye mali, mwenye ng'ombe 20 ambao watano ni wa kufa, au mwenye 19 walio hai?

10. Kazi kwa miezi

Novemba hadi Machi: tenga ngitili, panda lukina, kunde na fiwi.

Aprili na Mei: vuna na kuanika majani ya karanga na kunde, kata nyasi za akiba zinapoanza kutoa maua, wala usingoje zikauke.

Juni: anika majani ya viazi vitamu; chagua wanyama; uza wazee; nunua mashudu mapema, kabla bei haijapanda.

Julai: tazama mavi, anza nyongeza polepole, fungua ngitili sehemu kwa sehemu.

Agosti hadi Oktoba: endelea bila kukatisha, okota na kuponda matunda ya migunga, katikati ya Septemba anza kuwapa maksai wa jembe.

Mvua za kwanza: usiache nyongeza siku ile ile. Majani machanga yana protini tele, lakini pia yana maji mengi na ni machache, na ng'ombe huzunguka sana kuyatafuta. Endelea kwa majuma mawili, mpaka nyasi zimeinuka vya kutosha kushikwa na ulimi. Ndipo ufunge magunia yako, uyahifadhi pakavu.